Barabara ya Tabora–Kigoma usiku: kabla hujafunga LED za kuchoma, pita hapa kwanza

Fundi wa Kanyenye #1

Wakuu mwangaluka, na ndugu zangu wa Kigoma mliomo humu, salamu.

Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Tabora mjini. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, na wenye gari ndogo nao wakaona kumbe usiku panapitika, kazi za taa zimekuwa nyingi kuliko za stata na oltaneta. Mtu anafika hata injini hajazima: "Fundi, nifungie LED za kuchoma, nikitoka Urambo sioni kitu." Ukimwambia tuangalie kwanza taa alizonazo, anaona unamchelewesha. Anahamia kwa jirani, anafungiwa, anaondoka na furaha yake. Jioni tunaokutana naye Usoke ndio tunaohama barabara.

Hoja yangu ni hii: gari nyingi zinazoletwa kwangu zina mwanga wa kutosha kutoka kiwandani, ila ama umepotelea njiani, ama unatua pasipotakiwa. Ukiongeza ukali kabla ya kurekebisha hayo mawili unaongeza tatizo.

Tuanze na dimu, yaani taa iliyoshushwa, maana ndiyo taa unayotembea nayo muda mwingi. Balbu ya H4, ile ya miguu mitatu iliyomo kwenye Hiace, Land Cruiser za zamani na gari ndogo chungu nzima, ina filamenti mbili, yaani nyuzi zinazowaka. Ya fulu, taa ya mbali, ni wati 60, ya dimu wati 55. Ukiitazama vizuri utaona chini ya filamenti ya dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya lile bakuli linalong'aa ndani ya taa. Unapiga nusu ya juu peke yake, na kutoka huko unaelekezwa chini, barabarani. Ndiyo maana dimu iliyo sawa ukiipiga ukutani ina mstari: chini kweupe, juu giza. Upande wa kushoto ule mstari unapanda kidogo ili uone ukingo wa barabara, mtembea kwa miguu na baiskeli ya mkaa, bila kumpiga machoni anayekuja upande wako wa kulia.

Sasa chukua LED ya bei chee uichomeke humo. Vipande vyake vya mwanga vimebandikwa kwenye bamba, na vikipishana hata milimita moja na pale filamenti ilipokuwa imekaa, bakuli lote linapotea hesabu. Mwanga unamwagika juu na pembeni. Ukisimama mbele ya gari unasema "aisee, hii ndiyo taa!" Lakini mwanga huo unaokuchoma wewe uliyesimama ndio uliotakiwa uwe barabarani.

Halafu LED nyingi za namna hiyo zinang'arisha sana mita chache mbele ya bampa. Jicho linazoea weupe ule, mboni inajibana, na kule mbali ambako ng'ombe amelala kunazidi kuwa giza. Dereva anaapa anaona vizuri.

Nitarudi na vitu vya kukagua. Wadau mseme na ninyi.

---

Mchungulia #2

Naweka kambi hapa. Gari sina lakini taa za wenzangu nazijua machoni.

---

Suka wa Usiku #3

Fundi umegusa penyewe. Mimi ni dereva wa abiria, njia yangu Tabora, Kaliua, Uvinza, Kigoma. Lami ilivyonyooka, kuanzia ukiwa na Kaliua nyuma yako hadi daraja la Malagarasi unaweza kumwona mwenzako anakuja muda mrefu kabla hamjakutana. Heshima ya zamani ilikuwa ukiona mwanga unapanda, unashusha, naye anashusha. Siku hizi unashusha, unapiga fulu mara moja kumkumbusha, kumbe mwenzio ameshashusha kitambo! Hiyo ndiyo dimu yake. Na yeye anadhani unamtukana, anawasha fulu kwa hasira. Hapo abiria wote wa siti za mbele wanainamisha vichwa.

Swali langu fundi. Malori yanayotokea upande wa Burundi, yakiwa yameshapita Manyovu yanashuka kuelekea Mwandiga, mbona yanaunguza hata yakiwa na taa za kiwandani na dimu kabisa? Nimeshaongea na dereva wao mmoja, ni mstaarabu, akanionyesha swichi: dimu.

---

Duka Letu la Spea #4

Mtoa mada una chuki na biashara za watu 😂

Mimi nauza taa Kigoma. LED si adui. Balbu za halojeni (hizi za filamenti kama H4) za siku hizi zinazoletwa kwa bei ya soda zinakufa baada ya wiki, na mwanga wake wa njano mvua ikinyesha huoni. Mteja akirudi kunishukuru kwamba sasa anaona, nimwambie macho yake yanamdanganya? Halafu gari mpya nyingi duniani zinatoka na LED. Lexus LS 600h ilitoka na dimu za LED tangu 2007. Ina maana Toyota hawajui kazi?

---

Fundi wa Kanyenye #5

Mkuu wa spea, karibu, na wala sina ugomvi na wewe.

Lexus uliyoitaja, taa yake nzima ilichorwa kwa ajili ya LED: lenzi zake, mahali pa kila kipande, na namna ya kupoza joto. Mwaka uliofuata Audi R8 ikaja na taa za mbele za LED tupu, nazo hivyo hivyo. Hakuna aliyechukua taa ya balbu ya H4 akachomeka LED ndani. Tatizo langu ni huo uchomekaji. Hata zenoni, ile balbu ya gesi yenye mwanga mweupe mkali, ilikuwa hivyo: BMW walipoiweka kwenye 7 Series mwaka 1991 ilikuwa na taa yake maalumu. Sisi tukaleta zile za kufunga na boksi lake, tukazitia kwenye mabakuli ya halojeni, tukapofushana miaka mingi. LED ni sura mpya ya tabia ile ile.

Kwenye projekta, ile taa yenye jicho la lenzi la mviringo, nakubaliana na wewe nusu. Projekta ina bamba ndani linalokata mwanga kabla haujafika kwenye lenzi, kwa hiyo hata ukiweka LED mstari unabaki. Usumbufu wa anayekuja unapungua sana. Ila doa kali la katikati, lile linalokufikisha mbali, mara nyingi linafifia, kwa sababu chanzo cha mwanga hakikai pale lenzi ilipopigiwa hesabu. Mwenye Mark X iliyokuja na zenoni yake kwenye projekta, bora anunue balbu halisi ya zenoni kuliko kubadilisha.

Kuhusu mvua: umesema njano haionekani. Mimi nasema kinyume. Zile balbu za buluu za kelvini 8000 (kipimo cha rangi ya mwanga) ndizo mbaya kuliko zote kwenye mvua na vumbi. Ule ubuluu mara nyingi unatokana na rangi iliyopakwa kwenye kioo, yaani balbu imekatwa mwanga ili ipendeze. Na barabara zetu za udongo mwekundu, mathalani ukichepuka kuingia vijijini Sikonge, zinarudisha vizuri mwanga wenye njano na wekundu, huku buluu zinaimeza. Mtu anafunga taa za mbinguni kisha anashangaa barabara imekuwa kama shimo.

Suka, swali lako ni zuri sana na linataka nafasi yake. Kuna Ticha humu najua atalijibu kuliko mimi.

---

Ticha wa Urambo #6

Nimeitwa.

Burundi wanaendesha kulia, sawa na Rwanda na Kongo. Sisi kushoto. Taa ya dimu iliyotengenezwa kwa nchi za kulia inapandisha mwanga upande wa kulia, kwa sababu kwao ukingo wa barabara, wenye watembea kwa miguu na vibao, uko huko. Lori lile likivuka Manyovu na kuhamia kushoto kwa mujibu wa sheria zetu, taa haijui kwamba imevuka mpaka. Ule mkono wa mwanga uliokusudiwa kumulika ukingo wa kulia sasa unamulika kioo cha Suka. Dereva ameweka dimu kweli, wala hana kosa la roho mbaya.

Lori la kwetu likiingia Bujumbura linawafanyia wao vile vile. Tena kule gari ndogo nyingi zimetoka Japani na usukani wa kulia, kwa hiyo wanapofushana wenyewe kwa wenyewe kila siku bila kuhitaji msaada wetu.

Dawa ipo na ni ya bei ndogo. Waingereza na Wafaransa, ambao wametenganishwa na mlango wa bahari tu, wanabandika vibandiko maalumu juu ya kioo cha taa kuziba au kupotosha ile sehemu inayopanda. Wengine wanatumia kipande cha tepu nyeusi tu. Baadhi ya projekta za Ulaya zina kabisa kilimi kidogo ndani cha kubadilisha upande. Utingo mwenye tepu na akili angemaliza kazi pale pale mpakani wakati karatasi zinagongwa mihuri.

Na kwa wanaonunua taa za mtumba: taa zenye alama ya E ndani ya duara zina mshale. Ukisimama mbele ukiitazama taa, mshale unaoelekea mkono wako wa kulia ni taa ya nchi za kushoto kama yetu. Mshale wa pande mbili, inafaa kote. Bila mshale, ni ya nchi za kulia. Za Japani ya ndani mara nyingi hazina alama hiyo, ila ni za kushoto tayari, hazina shida.

---

Mwana Mwandiga #7

Ticha umenifumbua. Mume wangu alivunja taa ya Hilux, akaletewa ya mtumba ikisemekana imetoka Dubai. Tangu siku hiyo upande mmoja kila tunayekutana naye anatupigia fulu. Kesho asubuhi natoka na tochi kusoma huo mshale.

---

Fundi wa Kanyenye #8

Dada usihangaike sana na mshale kama kioo kimechubuka. Usiku washa dimu mbele ya ukuta, ziba taa moja kwa gunia au koti, tazama mstari wa nyingine. Ukipanda kushoto, yetu. Ukipanda kulia, hiyo ya Dubai irudi Dubai. Hakuna namna ya kuinyoosha kwa skrubu. Ukiishusha mpaka isisumbue watu utakuwa unamulika tairi lako.

Nimeahidi mambo ya kukagua. La kwanza ni kioo cha nje. Hizi taa za plastiki jua linazipiga hadi zinakuwa za njano na ukungu. Mwanga unaotoka humo umepungua, na uliobaki umetawanyika. Watu wanasugua kwa dawa ya meno, inang'aa, wanapiga picha. Muda si mrefu inarudi kuwa mbaya kuliko mwanzo kwa sababu plastiki imebaki uchi. Kazi yenyewe ni msasa wa maji, unaanza na namba 800 kama imeharibika sana, unapanda 1500, 2000, hata 3000, unapolishi, halafu unapaka kinga ya jua. Bila hiyo kinga ya mwisho umefanya usafi wa sikukuu.

La pili ndilo ninalolipenda, na ndilo mafundi wengi tunaliruka: umeme unaofika kwenye balbu. Halojeni ina tabia ya ajabu. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga haupungui kwa asilimia 10, unapungua kwa karibu asilimia 30. Gari lina miaka ishirini, waya zimechoka, soketi imeungua, waya wa bodi (unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari) umeota kutu nyuma ya taa. Betri ina volti 13.8 injini ikiwaka, kwenye balbu zinafika 12 kasoro. Mwenye gari anasema balbu za siku hizi ni feki. Chukua mita, washa taa, pima kwenye soketi ya balbu hiyo hiyo ikiwa inawaka, linganisha na betri. Tofauti ikizidi nusu volti, una mwanga wa bure umekaa kwenye waya unakusubiri. Kusugua sehemu ya bodi kwa msasa na kufunga relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), ili balbu zipate umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri badala ya kuzungukia kwenye swichi ya usukani, kumewashangaza wateja kuliko LED yoyote niliyowahi kufunga.

Na tafadhali, zile balbu za wati 100 kwa 90 msiziweke kwenye waya za kiwandani. Soketi inayeyuka kama mshumaa, na kabla haijayeyuka volti zinazidi kushuka, kwa hiyo hata hizo wati hamzipati.

---

bodaboda_Gungu #9

Sasa na sisi wa pikipiki je? Yangu nikiwa mwendo mkubwa taa inawaka vizuri, nikipunguza kwenye mashimo inafifia inakuwa kama kibatari. Yaani pale ninapohitaji kuona ndipo inaponikimbia. Fundi wa huku anasema nibadili betri.

---

Fundi wa Kanyenye #10

Pole mkuu. Pikipiki nyingi za bei ya chini taa ya mbele haichukui umeme kwenye betri kabisa, inachukua moja kwa moja kwenye koili ya injini. Injini ikishuka, umeme unashuka. Ukibadili betri utakuwa na honi nzuri tu. Fundi anayejua anaweza kuhamishia taa kwenye upande wa betri, lakini lazima aangalie kama koili na regyuleta vinaweza kuchaji kiasi hicho, vinginevyo betri itakuwa inakufa kila siku. Kwenu ninyi LED ndogo yenye wati chache ina mantiki, ilimradi ile taa iwe na mstari na uishushe ikae sawa. Ona, mkuu wa spea, nimekupa mteja.

---

Duka Letu la Spea #11

Hahaha nimepokea. Bodaboda njoo mtaa wa Mwanga hapa Kigoma tuongee.

Ila fundi kuna jambo hujaligusa. Wateja wangu hawasemi "nataka kuona". Wanasema "nataka wakiniona washushe". Ni vita. Mtu anafunga kali kwa sababu wa mbele yake anayo kali. Wewe utamwambia asugue waya wa bodi wakati anapigwa fulu ya lori kuanzia Kidahwe hadi Uvinza?

---

Suka wa Usiku #12

Hapo spea kasema kweli tupu. Ni vita.

Lakini niwape ya uzoefu: ukimchoma dereva wa lori naye akapoteza njia, anakuja upande gani? Wako. Mimi sitaki aliye mbele yangu awe kipofu, nataka aone vizuri kuliko mimi. Nikipigwa fulu nashusha macho kwenye mstari mweupe wa kushoto, naondoa mguu kwenye mafuta, namwacha apite. Kumjibu ni kutafuta vipofu wawili kwenye barabara moja.

---

Nesi wa Macho #13

Naomba niingie kidogo, mimi kazi yangu ni macho.

Jicho likipigwa na mwanga mkali gizani halirudi hapo hapo, linahitaji sekunde kadhaa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde ni mita 22. Zidisheni wenyewe. Na umri ukienda, lenzi ya jicho inapitisha mwanga kidogo zaidi na inautawanya zaidi. Mwenye mtoto wa jicho linaloanza anaona taa ya mbele kama jua lenye miale. Wazee wengi wanakuja kwetu wanasema taa za siku hizi ni mbaya. Wengine taa ni mbaya kweli, wengine tunawakuta na mtoto wa jicho ambaye operesheni inamwondoa.

Kingine ni kioo cha mbele. Sugueni upande wa NDANI. Ule ukungu wa mafuta na moshi mchana hauuoni, usiku taa ya mtu inauwasha wote. Na waipa zilizokwanguliwa na mchanga zimechora nusu duara kwenye vioo vya gari nyingi za huku.

Miwani ya njano inayouzwa stendi eti ya kuendeshea usiku: inapunguza mwanga unaoingia jichoni. Mnalalamika giza, mnaongeza giza.

---

Mchungulia #14

Nesi umeniua na hiyo ya miwani. Binamu yangu anavaa hadi chumbani.

---

Ticha wa Urambo #15

Nesi kataja mita 22, wacha nimalizie hesabu maana ndiyo inayonitia hofu ninapowaona vijana wakitoka hapa Urambo.

Kilomita 80 kwa saa. Tuseme dereva yuko macho, anachukua sekunde moja na nusu kuona na kukanyaga breki: mita 33 zimekwenda kabla tairi haijaanza kushika. Breki nzuri kwenye lami kavu, mita nyingine kama 36. Jumla karibu 70. Sasa dimu ya kawaida, mtu aliyevaa nguo nyeusi pembeni ya lami unamtambua kwenye mita kama 50 hivi, na hapo taa iwe nzima. Kwa kilomita 60 unahitaji mita 45, unapona. Kwa 100 unahitaji karibu 100, ambayo ni mara mbili ya unachokiona. Kwenye changarawe ongeza tena.

"Basi nifunge taa kali mara mbili nione mbali mara mbili." Haiendi hivyo. Mwanga unatawanyika kadiri unavyokwenda, kwa hiyo ili upeleke mwanga ule ule mbali mara mbili unahitaji ukali mara nne. Hata duka la spea halina hiyo.

Kinachosogeza umbali kwa bei ndogo kiko upande wa pili, kwa yule anayemulikwa. Kipande cha stika ya kuakisi nyuma ya baiskeli kinarudisha mwanga kuelekea kule kule ulikotoka, unakiona mbali mno kabla hujaona baiskeli yenyewe. Baiskeli za mkaa zinazoingia mjini alfajiri, mikokoteni ya ng'ombe, trela la tumbaku lililoharibika likawekewa matawi ya miti badala ya pembetatu. Hao hakuna taa inayowatosha kama hawana cha kurudisha mwanga.

---

Mzee wa Reli #16

Vijana mnaongea vizuri. Sisi tulisafiri na treni, taa moja tu na reli haina kona za ghafla wala mtu wa kumshushia.

Ila naona mmesahau mzigo. Noah inatoka Kasulu na maharage, nyuma imekaa chini, pua inaangalia nyota. Hata awe na taa ya malaika, dimu yake ni fulu. Kwenye Land Rover zetu mbovu tulikuwa tunafunga kitambaa juu ya taa.

---

Fundi wa Kanyenye #17

Mzee shikamoo. Umenikumbusha la tatu, na ndilo linalomaliza nusu ya vita ya Spea na Suka.

Gari nyingi zina kigurudumu kidogo kwenye dashibodi chenye 0, 1, 2, 3 na kapicha ka taa. Wateja wangu wengi wanadhani ni cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Ni cha kushusha taa ukibeba mzigo. Sifuri ukiwa peke yako, unapanda namba kadiri nyuma inavyolala. Umefika, umeshusha maharage, rudisha sifuri. Kama hakifanyi kazi, mota yake ndogo nyuma ya taa imekufa au mtu aliiacha bila kuchomeka alipobadili bampa.

Na kupima kwenyewe hakuhitaji mashine. Tafuta sehemu tambarare yenye ukuta, tairi zina upepo sawasawa, dereva amekaa kitini. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, weka alama ya kimo hicho ukutani kwa chaki. Mstari wa dimu unatakiwa utue sentimita 10 chini ya alama. Nafasi ikiwa ndogo, mita 5 na sentimita 5. Magari ambayo taa zake ziko juu, kama malori, yanashushwa zaidi ya hapo. Nyuma ya taa kuna skrubu mbili, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Bisibisi ya nyota inatosha.

Usishushe kupita kiasi kwa wema. Ukishusha mara tatu ya hapo umekata umbali wako wa kuona na hujamsaidia mtu.

---

Suka wa Usiku #18

Hiki kigurudumu kwenye basi letu kipo na kimebandikwa plasta. Leo nimebandua.

Hivi hawa wenzetu wenye viwanda hawajapata taa inayojishusha yenyewe? Maana binadamu ndio hao.

---

Ticha wa Urambo #19

Wamepata, na walianza zamani. Gari la Tucker la Marekani mwaka 1948 lilikuwa na taa ya tatu katikati iliyogeuka na usukani. Citroën DS ya 1967 taa zake za ndani zilifuata kona. Wafaransa hao hao waliamua taa zote ziwe za njano tangu miaka ya 1930, wakaja kuachana nazo 1993.

Ya sasa inafanya anachokitaka Suka: kamera kwenye kioo inaona gari linalokuja, na taa yenye vipande vingi vya LED inazima vile vinavyompiga yeye tu. Unabaki na fulu pande zote isipokuwa shimo la giza linalomfuata mwenzako hadi apite. Audi A8 ya 2013 ilikuwa nayo. Marekani sheria zao ziliikatalia hadi 2022.

Kwa huku itachukua muda kuzoeleka. Kioo kikijaa vumbi la Kibondo kamera inaona nini? Na taa moja ya hivyo ikigongwa na mbuzi, bei yake unanunua pikipiki ya Boxer na chenji inabaki.

---

Mwana Mwandiga #20

Mrejesho: nimewasha ukutani. Taa ya Dubai inapanda kulia waziwazi, hata mtoto kaona. Mume kanyamaza.

Fundi, mwenye Land Cruiser ya zamani, hizi za taa za duara, akitaka hiyo relei uliyoisema anunue nini hasa? Tuna ya ofisi, taa zake ni hafifu, na madereva wanataka waweke spotilaiti juu ya keria.

---

Fundi wa Kanyenye #21

Spotilaiti juu ya keria ni za porini, zikiwaka lamini ni uonevu, na zinamulika boneti yenu nyeupe mpaka dereva mwenyewe asione. Waambie wasubiri.

Nunua relei mbili za pini nne za ampea 30, moja ya dimu moja ya fulu. Balbu mbili za wati 60 zinakula kama ampea 10, kwa hiyo fyuzi ya 15 kwa kila relei inatosha, na ikae karibu kabisa na betri. Waya wa milimita 2.5 mraba kutoka betri hadi relei na kutoka relei hadi taa. Ule waya wa zamani uliokuwa unakwenda kwenye taa sasa unatumika kuamsha relei tu. Land Cruiser nyingine swichi yake inakata upande wa bodi badala ya upande wa umeme, kwa hiyo fundi apime kwanza kabla hajakata kitu, la sivyo fulu itawaka na dimu pamoja. Waya wa bodi mpya, msifunge kwenye rangi. Kwangua hadi chuma. Balbu iwe H4 ya kawaida 60 kwa 55 ya kampuni inayoeleweka, na kama taa zenyewe bado ni zile za kioo kizima kisichofunguka, badilisha uweke za inchi saba zinazopokea H4, zipo.

Ukimaliza pima ukutani ndipo uwaulize madereva kuhusu spotilaiti.

---

Duka Letu la Spea #22

Relei, waya na taa za inchi saba za duara ninazo. Dada pita na hiyo ya Dubai tubadilishane, kuna dereva wa Bujumbura ananitafutia ya upande huo.